Picha ya Kifungua Mimba

Niliitwa jina linalosema kwamba nimerudi. Kwetu Ukambani mtoto akifa na mwingine akazaliwa nyuma yake, mara nyingi huyo wa pili hupewa jina hilo, na watu wakishalitamka huona wamemaliza kazi: aliyekwenda amerejea, machozi yafutwe, maisha yaendelee. Nimelibeba jina langu tangu kuzaliwa na sina ugomvi nalo. Kilichonisumbua ni swali ambalo hakuna mtu aliyetaka kulijibu. Kama mimi ndiye niliyerudi, yule aliyekwenda alikuwa nani?

Alikuwa dada yangu, kifungua mimba wa wazazi wangu. Alikufa kwa surua akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia uani. Bibi mzaa baba, mwanamke ambaye neno lake halikuwa na rufaa, alimwambia mama asimlilie sana kwa sababu mtoto mdogo akililiwa mno hupotea njia ya kurudi. Sijui hekima hiyo aliitoa wapi. Mama alikuwa mke mgeni bado, akanyamaza. Nilipozaliwa mimi, bibi alinipokea, akanikagua masikio na kucha kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, akatangaza kwamba ndiye. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja marehemu, maana marehemu alikuwa pale pale akililia maziwa.

Ilikuwapo picha yake moja tu. Ilipigwa siku ya soko Zombe na mpiga picha aliyezunguka masokoni na kamera yake, na alipoileta wiki zilizofuata aliileta pamoja na negativu, ile filamu nyeusi ambayo picha huoshwa kutoka kwayo. Mama alivitia vyote viwili katika bahasha moja. Halafu akatafuta mahali pa kuiweka, na hilo kwetu si jambo dogo. Mchwa wa kwetu hawana adabu. Hula mlango, hula kiti cha mgeni, na mgeni akichelewa kuamka watamwonja yeye. Katika nyumba nzima chombo kimoja tu kilikuwa na kifuniko cha kubana, nacho ni mkebe wa biskuti ambamo baba aliweka njuga zake, filimbi yake na picha za ngoma. Bahasha ikaingia humo.

Huwa najiuliza mpaka leo. Mama huyo huyo alitundika mbegu za mahindi juu ya moto jikoni, mbali kabisa na ghala, ili njaa ikija tusije tukala cha kupanda pamoja na cha kula. Hakuna aliyemfundisha, kila mwanamke wa Zombe alijua hivyo. Lakini picha na mbegu yake aliziweka ghala moja, tena chini ya kifuniko kimoja.

Nimesema picha za ngoma. Baba wakati huo alikuwa mpiga ngoma, na sisemi mtu wa kugongagonga harusini. Vijana walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kurukia ngoma yake, na wasichana vilevile, mmoja wao akiwa mama yangu. Kisha baba akaokoka.

Aliokoka kwenye mkutano wa injili wa hadhara, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Mhubiri alikuwa amewaambia watakaotubu waje siku ya mwisho na vitu vya maisha ya kale: hirizi, ugoro, vibuyu vya pombe, ngoma. Baba hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Akaja na ngoma begani na mkebe kwapani. Ngoma ikaingia motoni, kisha mkebe, wala hakuufungua. Watu wakaimba. Mama alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuhisi joto usoni, na aliuona mkebe ukiondoka mkononi mwa baba.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, mtu hata kwa fimbo angeutoa. Alinitazama kama mtoto asiyejua dunia. "Wewe," akaniambia, "mbele ya kanisa lote, bwana yako anatupa mambo ya kale, na wewe unaingiza mkono kwa moto kuyatoa? Wangesema nini?" Walipofika nyumbani ndipo alipouliza kwa sauti ya kawaida bahasha iko wapi. Baba akauliza bahasha gani. Hapo wote wawili wakajua, na hawakulizungumza tena kwa miaka iliyotosha mimi kusoma, kumaliza na kuanza kufundisha shule ya msingi karibu na nyumbani.

Mwaka uliofuata ule wa njaa, ule tulipokula mahindi ya manjano ya msaada mpaka ndoto zikawa za manjano, mvua ilikuja vizuri na ndengu zikakubali. Nilikuwa likizo. Tulikuwa tumekaa uani mama na mimi tukipepeta, na vumbi la maganda limetujaa kwenye nyusi. Mama aliacha ungo ukatulia magotini.

"Zamani nilikuwa nikifunga macho namwona," akasema. Sikuhitaji kuuliza nani. "Alikuwa anakuja vizuri kabisa, na nguo yake. Siku hizi nikifunga macho nakuona wewe."

"Mimi?"

"Wewe ukiwa mdogo. Nikimtafuta yeye, sura inayokuja ni yako. Yake imeniishia." Akaanza kupepeta tena. "Kama hiyo picha ingekuwako, ningemshika."

Niliumia kwa namna ambayo bado sijapata jina lake. Maisha yangu yote nilikuwa nimedhani ninamfariji mama kwa kuwapo, kumbe kila nilivyokua, kila nilivyocheka na kukasirika mbele yake, nilikuwa nafuta. Nilikuwa nimekalia kiti chenye mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Usiku huo niliamua kwamba uso wa dada yangu lazima upatikane, hata kama sikujua utapatikana wapi, na kwamba wa kuulizwa kwanza ni baba.

Baba alikuwa shambani akirekebisha matuta yaliyobomolewa na mvua. Wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukabidhiwa sadaka na pia ugomvi wa mipaka. Nilimfikia nikiwa nimejaa maneno, na nilikuwa nimeyapanga kuanzia makali kwenda makali zaidi. Nikamwambia alichosema mama. Jembe likasimama.

"Nau," nikasema, kama tunavyomwita baba kwa Kikamba, "yule mpiga picha hakubaki na kitu chochote?"

Alipangusa udongo kwenye jembe. "Ako Kyuso," akasema. "Aliwacha mambo ya picha. Siku hizi anauza dawa ya mifugo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ukiwa shule. Niliuliza hawa watu wa kununua ng'ombe wanapita hapa."

"Na hujaenda."

"Nikienda nikose, nitarudi nimwambie nini mama yako? Imechomeka mara ya pili?"

Maneno yangu yote yaliyopangwa yakakosa kazi. Nilikuwa nimemfikiria baba kama mtu aliyesahau, na hapa alikuwa mbele yangu, udongo mpaka magotini, miaka yote hiyo akijua njia na akiiogopa. Nikamwambia tutaenda wawili, ili tukikosa tukose wawili. Mama aliambiwa tunakwenda Kyuso kuona mtu. Hakuuliza ni mtu gani, akatufungia viazi vitamu.

Kutoka kwetu kwenda Kyuso ni safari ya kuzunguka: unakuja Kitui, unakwenda Mwingi, ndipo unaingia kaskazini kwenye joto lenyewe. Duka tulilipata bila shida kwa sababu lilinuka dawa ya kupe kutoka barabarani. Mwenyewe alikuwa Mwislamu, mzee mrefu wa asili ya kaskazini mashariki, ndevu zake zimepakwa hina, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Baba alimwamkia, akajieleza: soko la Zombe, mtoto wa kike mdogo, miaka mingi.

"Mzee," yule akasema, "mimi nimepiga picha watu mpaka nikachoka na sura za watu. Mtoto mmoja wa Zombe nitamjua aje?"

Hata hivyo aliinama nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, akaanza kutoa makopo ya maziwa ya unga. Zamani, alisema, kila soko lilikuwa na kopo lake, Zombe lake, Kalamba lake, lakini karatasi alizobandika zilianguka na wajukuu wakachezea, kwa hivyo sasa Mungu tu ndiye anayejua. Mke wake alikuwa amemshauri mara nyingi achome takataka hizo apate nafasi ya kuweka bidhaa.

"Nikamwambia, mama, hawa ni watu," akasema akipangusa vumbi kwa kiganja. "Mtu hachomi watu."

Hakujua alichosema. Nilimwona baba akiinamisha kichwa na kuanza kufungua kopo la kwanza kwa bidii isiyo ya lazima.

Tulikaa mlangoni penye mwanga. Kama hujawahi kutafuta mtu kwa negativu, nakushauri usianze na ndugu yako. Kila kitu kimegeuka. Nywele ni nyeupe, meno ni meusi, ngozi zetu zimepauka kama majivu, na mtu aliyecheka huonekana kama amekula masizi. Niliinua moja baada ya nyingine: bibi harusi, polisi, wanafunzi waliojipanga, mtu na baiskeli, mtu na baiskeli ile ile bila shaka ya kuazimwa. Watoto walikuwa wengi na wote walikuwa mmoja. Mimi sikuwahi kumwona dada yangu, kwa hiyo nilikuwa natafuta nini? Nilijikuta natafuta uso wangu, nikakasirika. Hilo ndilo lilikuwa kosa lililotuleta pale.

Mwenye duka alipokwenda kuswali alituachia duka lote kama ndugu zake. Mchungaji mmoja akaja akitaka dawa ya minyoo ya mbuzi, baba akamwambia aketi angoje. Akaketi. Hata yeye akapewa kopo akaanza kuangalia, akituuliza kila mara kama huyu ndiye, na kila mara alikuwa mwanamume mzima.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo baba alipoliacha kopo lake. Alikuwa ameshika kipande kimoja, anakileta karibu, anakipeleka mbali.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

Nilikichukua. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya kitambaa, lakini hakuitazama kamera, alikuwa amegeuka upande. Na upande huo, pembeni kabisa, kulikuwa na mkono wa mtu mzima umeinuliwa, na chini yake ukingo wa kitu cha duara.

Ndipo baba akasimulia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumzia ngoma nje ya maombi ya toba. Siku ile mtoto aliogopa kamera, akalia mpaka watu wa soko wakaja kutazama. Mpiga picha akasema kama baba yake ana ujanja wowote autumie sasa. Baba akasogea na ngoma, akaipiga kidogo tu. Mtoto akamgeukia, akacheka, na kamera ikalia wakati huo huo. Mpiga picha akagomba: mtoto ameangalia kando, na mkono wa watu umeingia. Ikapigwa nyingine, mtoto amesimama wima, amekazwa, haonyeshi jino. Hiyo ndiyo iliyoletwa nyumbani na negativu yake. Hii ya kwanza ilikuwa ya kutupwa.

"Na hukuitupa," nikamwambia mwenye duka aliporudi.

"Mbaya pia naweka," akasema. "Si yeye aliiharibu." Kisha akaenda kumpa yule mchungaji dawa ya minyoo.

Yeye hakuwa na vifaa vya kuosha picha tena, basi tulirudi Kitui mjini, kwenye studio. Kijana wa studio aliiweka negativu juu ya taa, akafurahi kwamba haijaliwa, ina mikwaruzo tu. Halafu akauliza kwa adabu, "Huu mkono tukate? Picha itatoka safi, mtoto peke yake."

"Kata," baba akasema upesi.

"Usikate," nikasema.

Baba alinigeukia. Sikuwa na mazoea ya kumpinga mbele ya watu, na yeye hakuwa na mazoea ya kupingwa na binti yake mahali popote. Nilielewa hofu yake. Mzee wa kanisa, na ngoma, ndani ya picha, ukutani kwake. Lakini nilikuwa nimeubeba uso ule mdogo mfukoni kutoka Kyuso na sasa nilikuwa upande wake.

"Nau," nikasema, "mkiutoa mkono, anamcheka nani?"

Kijana wa studio akaanza kupanga kalamu zake. Baba alitazama ukutani ambako maharusi wa watu walikuwa wamebandikwa. "Fanya vile huyu amesema," akamwambia.

Mama tulimkuta mlangoni pa jikoni akichambua majani ya kunde. Baba hakuingia ndani wala hakuketi. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa na wazee, akaitoa picha kwenye karatasi na kumpa. Mama alifuta mikono kwenye leso, upande mmoja na upande wa pili, kabla ya kuipokea.

"Hii si ile," akasema.

"Si ile," baba akajibu. "Ile niliichoma. Nilichoma mimi."

"Najua," mama akasema, bila ukali. Nadhani hakuwa akimsikiliza sana, macho yake yalikuwa kazini. Alifuata mstari wa paji kwa kidole bila kuugusa. Alifika mdomoni, akafika kwenye ule mkono ulioinuliwa, akatoa sauti ndogo ya puani ambayo ilikuwa nusu kicheko. Halafu akaniita kwa jina langu nisogee. Akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayetafutwa tongo machoni, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akaiinua picha kando yake.

Alituangalia sote wawili, mimi na dada yangu, kwa zamu.

"Hamfanani," akasema. "Hata kidogo. Hii pua ni ya kwetu, ya mama yangu. Wewe umetoka kwa kina baba yako, wote." Akaniachia kidevu. "Kumbe hamfanani."

Kisha akalia. Mama nilishamwona akitokwa na machozi, kanisani wakati wa nyimbo, au moshi ukizidi. Hiki kilikuwa kitu kingine. Alikaa chini udongoni, majani ya kunde yakamwagika, akalia kwa sauti ile inayosikika hadi ng'ambo ya mto, sauti inayomlilia mtu siku anapozikwa. Nilitaka kumnyamazisha kwa sababu niliogopa. Baba akaniinulia kiganja kunizuia, akavua kofia yake, akaketi udongoni karibu naye. Na yeye alikuwa analia, ila kimya.

Jirani yetu alikuja mbio kupitia pengo la ua, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

"Ni nani?" akauliza akihema. "Nani ametuacha?"

Baba ndiye aliyejibu.

"Ni mtoto wetu wa kwanza," akasema.

Yule mama alikuwapo siku niliyozaliwa. Alilijua jina langu na sababu yake, na mimi nilikuwa nimesimama pale mbele yake, mzima, na viatu vya mjini miguuni. Akanitazama. Akaitazama picha mapajani mwa mama. Hakuuliza ni lini, wala hakuuliza habari nyingine yoyote. Alijifunga leso kiunoni, akaingia jikoni kwetu, akachochea moto na kuteleka sufuria kubwa ya chai, ile ya watu wengi.

Walikuja. Mlio kama ule haukai mahali pamoja, na kabla ya jua kuzama wanawake walikuwa wameketi uani kwenye mikeka, picha ikipita kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja akisema alivyomkumbuka: alivyokimbiza kuku, alivyomwaga ugoro wa bibi. Mimi nilikuwa natumwa. Leta vikombe, ongeza sukari, nenda kaazime viti kule. Nilikuwa narudi na viti viwili kichwani wakati mama mmoja mzee wa kanisani kwetu aliponisimamisha njiani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mama," akaniambia, "kwa kufiwa na dada yako."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niliviweka viti chini, nikamjibu asante.